Genova: Mji Ulioumbwa na Bandari

Genova iko kaskazini-magharibi mwa Italia, pale Bahari ya Liguria inapofikia kaskazini kabisa. Mbele yake ni maji ya kina kirefu. Nyuma yake milima ya Apenini inaanza kupanda karibu sana na ufuo. Hapakuwa na tambarare ya kulima ngano, wala mto mkubwa wa kuteremshia mazao kutoka bara. Waliokaa hapa walikuwa na njia moja tu ya riziki, nayo ni bahari, na kwa njia hiyo moja walijenga jamhuri iliyokuja kukopesha wafalme. Leo ni mji wa watu wapatao 560,000, makao makuu ya mkoa wa Liguria na mojawapo ya bandari kubwa za Italia.

Wageni wengi waendao Italia huishia Roma, Firenze na Venezia. Genova huipita kwa treni, au huizunguka kwa saa mbili tatu wakisubiri meli ya utalii. Hiyo ni hasara yao. Venezia ina uzuri usio na mfano, lakini wenyeji wake wanazidi kuihama na kuwaachia watalii. Genova bado inafanya kazi ileile iliyoizaa. Kreni zinanyanyua makontena, wafanyakazi wa gati wanapokezana zamu, na feri zinang'oa nanga kwenda Sardinia, Corsica, Sisilia, Tunis na Tangier. Kila kiangazi magati hujaa familia za Watunisia na Wamoroko wanaoishi Ulaya, magari yao yamefungwa mizigo hadi juu ya paa, wakirudi kwao kwa likizo. Anayetaka kuelewa jinsi bandari inavyoumba mji, kuanzia vichochoro vyake hadi chakula chake, na kuanzia utajiri wake hadi dhambi zake, pa kuja ni hapa.

Alama ya mji ni mnara wa taa uitwao Lanterna. Mnara wa kwanza ulisimama kwenye mwamba huo tangu karne ya 12. Huu wa sasa ulijengwa mwaka 1543, una urefu wa mita 77, na ukijumlisha na mwamba wake taa inafika mita 117 juu ya bahari. Bado unawaka na kuongoza meli. Njia ya miguu ya kuufikia inapita kandokando ya eneo la bandari, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuijua Genova: upande mmoja makontena, malori na meli, upande mwingine ukuta wa kale, na mbele mnara uliowaona mabaharia wa karne tano wakiondoka na kurudi, au wakiondoka tu.

Historia ya Genova ni historia ya jamhuri ya wafanyabiashara, iliyodumu tangu karne ya 11 hadi Napoleon alipoifuta mwaka 1797. Adui zake wa kwanza walikuwa bandari jirani. Pisa ilivunjwa nguvu katika vita vya majini vya Meloria mwaka 1284. Venezia ilikuwa mpinzani mzito zaidi, na ugomvi wao ulichukua zaidi ya karne nzima. Kwa mkataba wa mwaka 1261 na mfalme wa Bizanti, Genova ilifunguliwa Bahari Nyeusi, ikaweka vituo vya biashara hadi Kaffa katika rasi ya Krimea. Mnara wa Galata unaosimama Istanbul hadi leo ni kazi ya Wagenova, uliojengwa mwaka 1348. Kupitia vituo hivyo zilipita nafaka, hariri, manyoya, viungo, na pia binadamu. Biashara ya watumwa wa Bahari Nyeusi, ambao wengi walipelekwa Misri, ilikuwa mikononi mwa Wagenova kwa kiasi kikubwa. Na mwaka 1347 meli za Genova zilizotoka huko zilikuwa miongoni mwa zile zilizoingiza tauni Ulaya. Mji haujazificha habari hizi, na msafiri asiyezijua atatazama marumaru bila kujua ni nani aliyeyalipia.

Jengo linalobeba historia hii kuliko jingine lolote ni Palazzo San Giorgio, lililo mbele ya bandari ya zamani. Sehemu yake ya kale ilijengwa mwaka 1260 kuwa ofisi ya serikali, na baadaye ikatumika kama gereza. Mwaka 1298 Wagenova waliwashinda Wavenezia karibu na kisiwa cha Curzola, katika bahari ya Adria, wakarudi na mateka kwa maelfu. Mmoja wa Wavenezia waliofungwa Genova wakati huo alikuwa Marco Polo. Gerezani alikutana na Rustichello wa Pisa, mwandishi wa hadithi za mashujaa, akamsimulia safari zake za China na nchi za mashariki, naye Rustichello akaandika. Mapokeo ya mji yanasema chumba chenyewe kilikuwa ndani ya jengo hili. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kumsimamisha hapa: katika kitabu kile mna sura inayoieleza Zanzibar. Marco Polo hakuwahi kufika huko. Aliandika aliyoyasikia kwa mabaharia, akaifanya Zanzibar kisiwa kikubwa mno na kuijaza tembo. Hata hivyo, ni katika gereza la Genova ambako jina la Zanzibar liliandikwa katika kitabu kilichokuja kusomwa Ulaya nzima.

Mwaka 1407 likaanzishwa shirika ambalo lingelifanya jengo hilo kuwa maarufu kwa sababu nyingine, yaani Benki ya San Giorgio. Jamhuri ilikuwa na madeni mengi kwa raia wake wenyewe, na wadai wakaunganishwa katika chombo kimoja kilichopewa haki ya kukusanya kodi ili kujilipa. Chombo hicho kilikua hadi kikawa na nguvu kuliko serikali. Kuna wakati kilitawala kisiwa cha Corsica na kituo cha Kaffa kama mali yake. Kilifungwa mwaka 1805. Leo Palazzo San Giorgio ni makao ya mamlaka ya bandari, na uso wake wa upande wa baharini umejaa picha za rangi zinazoonekana tangu mbali.

Kabla ya kuondoka mahali hapo inafaa kuwakumbuka ndugu wawili, Ugolino na Vadino Vivaldi. Mwaka 1291 waliondoka Genova na merikebu mbili za makasia, wakapita mlango wa Gibraltar kwa nia ya kufika India kwa kuizunguka Afrika. Hawakurudi. Masimulizi ya baadaye yanasema kuwa mwana wa Ugolino, Sorleone, alikwenda kuwatafuta na kufika hadi Mogadishu, ingawa hakuna anayeweza kulithibitisha hilo. Kilicho hakika ni kwamba walijaribu njia ile miaka zaidi ya 200 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498.

Nyuma ya bandari unaanza mji wa kale, mmojawapo wa miji ya kale iliyo mikubwa zaidi Ulaya, wenye vichochoro ambavyo wenyeji huviita caruggi. Aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajikuta mwenyeji kwa haraka: njia nyembamba zinazopinda bila kutoa taarifa, kivuli cha adhuhuri, milango mizito, duka la mtu mmoja ambalo upana wake haufiki hatua tatu. Tofauti ni urefu. Kwa kuwa ardhi ilikuwa haba, Wagenova walijenga kwenda juu, ghorofa sita hadi saba tangu zama za kati, na jua hushuka chini kwa muda mfupi tu kila siku. Hakuna njia nzuri ya kuviona vichochoro hivi isipokuwa kupotea ndani yake mchana, kisha kushuka kuelekea baharini mpaka utokee Sottoripa, safu ya matao ya kale inayotazama bandari, ambako samaki na ngisi hukaangwa na kuuzwa katika karatasi kama walivyouziwa mabaharia wa enzi zote.

Via Prè, karibu na stesheni ya Principe, ndiyo sehemu yenye sifa mbaya katika midomo ya watu. Ni mtaa wa wageni: Wasenegali, Wamoroko, Waekwado, Wabangladeshi, vinyozi, maduka ya simu, nguo na vyakula vya kwao. Usiku wa manane si mahali pa kurandaranda na pochi wazi. Mchana, hata hivyo, ni mtaa wa bandari kama mitaa ya bandari ilivyokuwa daima, na mgeni kutoka Afrika Mashariki atapata hapo viazi vitamu, pilipili na ndizi za kupika asizoziona katika mitaa ya kifahari.

Kanisa kuu la San Lorenzo linatokea ghafla katikati ya msongamano wa vichochoro, likiwa na mistari ya mawe meupe na meusi. Liliwekwa wakfu mwaka 1118. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo havifai kukoswa. Cha kwanza ni Sacro Catino, bakuli la kijani lenye pembe sita, lililoletwa na wapiganaji wa vita vya msalaba kutoka Kaisaria ya Palestina mwaka 1101. Kwa karne nyingi watu waliamini kuwa ni zumaridi tupu na kwamba Yesu alilitumia katika karamu ya mwisho. Napoleon alilichukua akalipeleka Paris. Lilirudi likiwa limevunjika, ndipo ikajulikana wazi kuwa ni kioo, na wataalamu wengi sasa wanalihesabu kuwa kazi ya mafundi wa Kiislamu. Heshima yake haikupungua kwa hilo. Cha pili ni kombora la Kiingereza. Tarehe 9 Februari 1941 meli za kivita za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga, na kombora moja la milimita 381 likatoboa ukuta wa kanisa, likaanguka ndani, lisilipuke. Limesimamishwa palepale ubavuni mwa kanisa, nalo ni refu karibu kama mtu.

Hatua chache kutoka hapo uko uwanja mdogo wa San Matteo, uliokuwa wa ukoo wa Doria. Kanisa na nyumba zake vina mistari ileile ya meupe na meusi, na kwenye uso wa kanisa yamechongwa maneno marefu yanayotangaza ushindi wa ukoo huo baharini. Lamba Doria, aliyeshinda Curzola, amezikwa kwenye ukuta wa kanisa, ndani ya jeneza la mawe la enzi za Warumi. Andrea Doria, aliye maarufu kuliko wote, yumo chini ya altare. Uwanja wote unaweza kuvukwa kwa dakika moja, lakini kwa kuonyesha jinsi koo zilivyougawana mji, kila ukoo na kanisa lake na mtaa wake, hauna mwenzake.

Andrea Doria ndiye aliyegeuza mkondo wa mambo. Mwaka 1528 aliiondoa Genova upande wa Ufaransa akaiweka upande wa Hispania, na tangu hapo mabenki wa Genova wakawa ndio wanaowakopesha wafalme wa Hispania. Fedha iliyochimbwa Amerika kwa jasho la Wahindi wekundu na watumwa ilipitia Hispania na sehemu yake kubwa ikaishia mikononi mwa koo chache za Genova. Kuanzia miaka ya 1550 koo hizo zilijijengea barabara yao mpya juu kidogo ya mji wa kale. Iliitwa Strada Nuova. Leo ni Via Garibaldi. Ni fupi, haifiki mita 300, lakini kila nyumba ni jumba la kifalme.

Jamhuri haikuwa na kasri la kupokelea wageni wakubwa, kwa hiyo ikabuni utaratibu wa pekee. Kuanzia mwaka 1576 majumba bora yaliandikwa katika orodha zilizoitwa rolli, na mwenye jumba lililoorodheshwa alilazimika kumpokea mgeni wa dola kwa gharama yake. Balozi, kardinali au mfalme alipangiwa jumba kulingana na cheo chake. Mchoraji Rubens alistaajabia majumba haya kiasi cha kuchapisha kitabu cha michoro yake mwaka 1622, ili watu wa kaskazini ya Ulaya waige. Mwaka 2006 UNESCO iliyaweka majumba 42 kati ya hayo katika Urithi wa Dunia.

Majumba matatu ya Via Garibaldi ni makumbusho yanayoingiwa kwa tiketi moja. Palazzo Rosso lina picha za Van Dyck, aliyeishi Genova miaka ya 1620 na kuwachora matajiri wake wakiwa wima, wamevaa meusi, wakimtazama mtazamaji kwa utulivu wa watu waliozoea kutiiwa. Jumba hilo lilitolewa kwa mji mwaka 1874 na Maria Brignole-Sale, mrithi wa mwisho wa ukoo wake. Palazzo Bianco pia lilifika mikononi mwa mji kwa wosia wake. Palazzo Tursi ndiyo ofisi ya meya, na humo imehifadhiwa fidla ya Niccolò Paganini, aliyezaliwa Genova mwaka 1782. Fidla hiyo, kazi ya Guarneri del Gesù ya mwaka 1743, mwenyewe aliiita mzinga kwa ukubwa wa sauti yake, akauachia mji alipofariki. Kutoka nje majumba haya hayajigambi sana, kwa sababu barabara ni nyembamba. Lazima kuingia ndani, kupanda ngazi za ua na kuinua macho. Ndivyo Genova ilivyo kwa jumla: mali yake iko ndani.

Christopher Columbus, mzaliwa wa Genova wa mwaka 1451, hutajwa kila mahali mjini. Nyumba inayoonyeshwa kuwa ya utoto wake, karibu na lango la Porta Soprana, ilijengwa upya katika karne ya 18, baada ya manowari za Ufaransa kuubomoa mji kwa mizinga mwaka 1684. Haina mengi ya kuonyesha. Lango lenyewe lina thamani zaidi, kwa kuwa ni la karne ya 12 na minara yake miwili bado imesimama imara.

Mji uliobanwa na milima ulilazimika kuvumbua njia za kupanda, na usafiri huo ni starehe inayogharimu tiketi ya basi au hata chini ya hapo. Lifti ya Castelletto, iliyofunguliwa mwaka 1909, inamtoa mtu uwanja wa Portello na kumfikisha kwenye kibaraza ambako paa za mawe ya kijivu, minara ya makanisa na bandari yote vinaonekana kwa mara moja. Aende mtu jioni, jua likielekea upande wa Lanterna. Lifti ya Montegalletto ni ya ajabu zaidi: chumba chake kwanza kinakwenda kama treni ndani ya mlima kwa zaidi ya mita 200, kisha kinaingia kwenye shimo na kupanda wima. Kinafikisha kwenye ngome ya kapteni Enrico Alberto d'Albertis, baharia aliyezunguka dunia na kurithisha mji ngome yake mwaka 1932. Sasa ni makumbusho ya tamaduni za dunia. Treni ya Righi, inayovutwa kwa kamba ya chuma, inafika juu kabisa, kwenye kuta na ngome za karne ya 17.

Karne ya 19 iliipa Genova nafasi ya pekee katika kuzaliwa kwa taifa la Italia. Giuseppe Mazzini, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, alizaliwa hapa mwaka 1805. Kutoka Quarto, kitongoji cha mashariki, Garibaldi, jemadari wa harakati hizo, aliondoka usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Mei 1860 na watu wake elfu moja kwenda kuikomboa Sisilia, kwa meli mbili za kampuni ya Rubattino ya Genova. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyonunua ghuba ya Assab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1869, mwaka ambao mfereji wa Suez ulifunguliwa. Kilichoanza kama kituo cha makaa ya mawe kikawa mwanzo wa koloni la Eritrea, na kufikia mwaka 1892 Italia ilikuwa imekodi kwa Sultani wa Zanzibar bandari za Benadir, Barawa na Mogadishu zikiwamo. Wenye kusoma historia ya ukoloni wa Kiitalia katika Pembe ya Afrika wanapaswa kujua kwamba uzi wake unaanzia kwenye magati ya Genova.

Kwenye magati hayohayo walipanda meli Waitalia wengi sana waliokimbia umaskini kwenda Argentina, Brazil na Marekani. Makumbusho ya bahari ya Galata, yaliyofunguliwa mwaka 2004, yameweka merikebu ya makasia ya karne ya 17 iliyojengwa upya kwa ukubwa wake halisi, na nje imefungwa nyambizi Nazario Sauro ambayo watu huingia. Kwa habari za wahamiaji, kuna makumbusho ya taifa katika Commenda di Prè, hospitali ya mahujaji iliyoanzishwa mwaka 1180. Humo picha na barua za maskini wa Liguria na Veneto zinamweleza mtu wa leo, bila kumhubiria, kwamba si zamani sana waliokuwa wakisongamana katika meli walikuwa Waitalia wenyewe. Hii ni sehemu ambayo isirukwe.

Wapenzi wa mpira wana sababu yao. Klabu ya Genoa ilianzishwa na Waingereza waishio mjini mwaka 1893, ikashinda ubingwa wa kwanza wa Italia mwaka 1898, na jina lake limebaki la Kiingereza. Uwanja wake wa Marassi inautumia pamoja na Sampdoria, bingwa wa mwaka 1991. Boca Juniors ya Buenos Aires nayo ilianzishwa mwaka 1905 na vijana wa familia zilizotoka Genova.

Makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa mwaka 1851 katika bonde la Bisagno, yanastahili asubuhi nzima. Matajiri wa karne ya 19 walishindana kuagiza sanamu za marumaru za wajane, malaika na watoto, zenye ustadi wa kutisha hadi nyuzi za lesi zinaonekana. Mazzini amezikwa huko. Lakini sanamu inayopendwa kuliko zote si ya tajiri. Ni ya Caterina Campodonico, mama aliyeuza barabarani njugu zilizotungwa kwenye uzi na mikate mitamu ya duara. Alidunduliza senti kwa senti, akamwendea mchongaji Lorenzo Orengo, na mwaka 1881, akiwa bado hai, sanamu yake ikasimamishwa miongoni mwa mabwana: mama mzee, shali yenye mapindo, mikononi ameshika njugu na mikate yake. Jamaa zake walimcheka kwa matumizi hayo. Leo majina ya mabwana wengi waliomzunguka hakuna ayajuaye, na yeye kaburi lake halikosi maua.

Wafanyakazi wa bandari nao wana historia yao. Mahamali, kwa lugha ya Kigenova camalli, walikuwa na chama chenye katiba iliyoandikwa tangu mwaka 1340. Tarehe 25 Aprili 1945 jeshi la Kijerumani lililokuwa likiushikilia mji lilisalimu amri kwa wapigania uhuru wenyeji kabla majeshi ya Marekani na Uingereza hayajafika. Hati ilitiwa saini na jenerali mmoja upande huu na mfanyakazi wa kiwanda, Remo Scappini, upande ule. Magati yaliyokuwa yametegwa baruti yakaokoka. Mwaka 2019 wafanyakazi wa bandari walikataa kupakia katika meli ya Saudia shehena waliyoamini itatumika katika vita vya Yemen.

Sura ya sasa ya bandari ya zamani ilichorwa na Renzo Piano, msanifu mzaliwa wa Genova, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1992. Maghala yaliyokuwa yamefungwa uzio yakafunguliwa kwa watu, na tangu mwaka huo lipo hapo jumba la samaki na viumbe wa bahari, mojawapo ya makubwa Ulaya, linalofaa hasa kwa wenye watoto. Kinachosikitisha ni barabara ya juu ya mwaka 1965 inayokata katikati ya mji na maji yake. Inawasaidia wenye magari lakini imeharibu mandhari ambayo vizazi viliyatunza. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi, magharibi mwa mji, lilianguka na kuua watu 43. Daraja jipya, pia la Piano, lilifunguliwa Agosti 2020, na chini yake pamepandwa miti 43 kwa kumbukumbu.

Chakula cha Genova ni cha watu wa baharini waliotamani majani mabichi. Pesto hutengenezwa kwa majani machanga ya mrehani, kitunguu saumu, chumvi ya mawe, kokwa za msonobari, jibini za aina mbili na mafuta ya zeituni, vyote vikipondwa katika kinu cha marumaru kwa mchi wa mbao. Mrehani unaosifiwa kuliko wote hulimwa Prà, kwenye miteremko iliyo juu ya gati la makontena ambalo lilimeza ufuo wa kijiji hicho. Tangu mwaka 2007, kila baada ya miaka miwili, hufanyika mashindano ya dunia ya kuponda pesto kwa kinu. Huliwa na tambi za trofie au trenette zilizochemshwa pamoja na viazi na maharage mabichi. Farinata ni chapati kubwa nyembamba ya unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inayookwa katika sinia la shaba ndani ya tanuri la kuni hadi juu ipate rangi ya dhahabu. Haina nyama wala maziwa, ni rahisi, na ikiliwa ya moto na pilipili manga haihitaji kitu kingine. Focaccia ya asubuhi, yenye chumvi na mafuta, wenyeji huichovya katika kahawa ya maziwa. Asiyeamini na aonje. Soko la Mercato Orientale, la mwaka 1899, ndipo pa kuona mboga, uyoga na samaki vyote pamoja.

Mashariki mwa mji kipo Boccadasse, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji bila kupoteza mashua zake. Mbele zaidi ni Nervi, yenye njia ya miguu ya kilomita mbili hivi juu ya miamba. Treni za kawaida huendelea hadi Camogli, na kutoka huko hadi vijiji vya Cinque Terre, ambavyo msimu wa kiangazi hujaa kupita kiasi.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen. Njia rahisi ni ndege hadi Milano, kwa mfano kupitia Addis Ababa, kisha treni ya saa moja na nusu hadi mbili. Wenyeji wa Malindi na Watamu waliojifunza Kiitaliano kwa wageni wao watafaidika zaidi, maana Kiingereza hakisikiki sana vichochoroni. Vuli ina hatari ya mvua kubwa. Mafuriko ya mwaka 2011 na 2014 yaliua watu, na onyo la serikali likitolewa lisipuuzwe. Mara mbili hivi kwa mwaka, aghalabu mwezi Mei na Oktoba, huwapo siku za Rolli, ambapo majumba mengi ya binafsi yaliyo katika orodha ya UNESCO hufunguliwa kwa umma, na vijana wasomi huwapokea wageni na kuwaeleza kila chumba. Mwenye uwezo wa kuchagua tarehe ya safari yake azichague siku hizo, na asikae pungufu ya siku tatu.